Aliyegonga Chini ya Marumaru

Leo sitaki mniitikie kwa sauti. Mkiitikia sana mtashindwa kusikia, na mfano huu ni wa masikio. Nyie mlioko karibu na mlango, sogeeni mbele, nafasi zipo, huku mbele hakuna mamba.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Jina lake sitalitaja, maana nikilitaja mtaacha mfano, mtaanza kugeuza shingo mkitafuta ni nani. Mwiteni mjane, yatosha. Mama huyu alikaa bondeni, mahali ambapo zamani palikuwa na majaruba ya mpunga kabla watu hawajagawana viwanja. Mnazijua nyumba za namna hiyo. Unachimba shimo la kupanda mpapai, maji haya hapa. Vyura wanalia uani mwaka mzima, utadhani hati ya kiwanja ni ya kwao.

Marehemu mume wake alikuwa mtu wa akili. Alijenga kwenye mteremko: juu, usawa wa barabara, akaweka sebule na vyumba vya kulala, chini, upande wa nyuma, akaweka chumba kimoja na kiukumbi kidogo, nusu yake imezama ardhini. Na kwa kuwa aliyajua maji ya pale, alichimba shimo katikati ya kile kiukumbi, akatumbukiza pampu ya umeme yenye boya. Maji ya ardhini yakijaa shimoni, boya linapanda, pampu inawaka yenyewe, inayavuta maji na kuyatupa mtaroni. Maji yakipungua, inajizima. Hakuna mgeni aliyewahi kuiona, wala hakuna aliyeishukuru.

Ila kila mwaka, wiki mbili kabla ya masika, bwana yule alivua shati, akafunua mfuniko, akachota tope kwa kopo, akasafisha boya, akakaza bomba. Kisha akamwaga shimoni ndoo mbili za maji na kuchuchumaa pembeni, kimya, akisikiliza. Mkewe alikuwa akimtania.

"Baba nanihii, unasikiliza nini humo, redio?"

"Nasikiliza nyumba," alikuwa akijibu.

Basi bwana yule akafariki, na mwaka ukapita. Baada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, mjane akaona nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, akaenda kijijini kumchukua mama yake mzazi. Bibi alikataa. Alikataa mara mbili. Safari ya tatu ndipo alipokubali, na alipoketi kiti cha mbele cha gari, mkongojo wake kati ya magoti, akasema neno. Lishikeni neno hili, nitalidai baadaye.

"Mwanangu, nakuja. Lakini nakuomba kitu kimoja. Siku ukinichoka, niambie mwenyewe kwa mdomo wako. Usinitumie mtu."

"Mama! Nikuchoke mimi?" Mjane alicheka hadi machozi yakamtoka. "Labda niwe nimerogwa."

Magoti ya bibi yalikuwa yameshaikataa ngazi, kwa hiyo akaandaliwa kile chumba cha chini, vidato vitatu tu kutoka uani. Mjane hakubana mkono. Alipaka rangi, akaweka pazia, akaita fundi wa marumaru atandaze nyeupe zenye maua, chumbani na ukumbini kote. Fundi alipofika katikati ya kiukumbi akasimama. "Mama, huu mfuniko niuache wazi?"

"Ufunike. Mama yangu asije akajikwaa. Na kusema kweli, lile shimo linanitisha tangu mwenyewe alipoondoka."

Akaufunika. Nataka mwone kwamba hakufanya kwa ubaya. Alifanya kwa upendo, na marumaru zikang'aa kweli, na majirani wakaja kuzitazama wakasema mama huyu anampenda mzazi wake. Hata mimi ningesema hivyo.

Mvua za kwanza kwanza zilipoanza kuonja ardhi, mjane alikuwa chini, adhuhuri moja, anapiga pasi kanga za mama yake. Bibi amesinzia. Nyumba kimya. Akasikia: ngo, ngo, ngo.

Akaweka pasi chini. Akafungua mlango wa uani. Hakuna mtu. Akafunga. Ngo, ngo, ngo. Haikutoka mlangoni. Ilitoka chini ya miguu yake.

Nyie mnaocheka, mngekuwa pale mngekimbia mkiacha viatu. Akarudi nyuma hadi ukutani. Maana marehemu mume wake, akitoka kazini, alikuwa na desturi ya kugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, hata kama mlango uko wazi. Ngo, ngo, ngo, halafu anaingia. Na sasa mtu anagonga mara tatu kutoka ardhini, anapumzika kama anayesubiri kuitikiwa, kisha anagonga tena.

Alipogeuka, bibi alikuwa macho kitandani, anatazama sakafu wala hana hofu.

"Kuna mtu anafanya kazi huko chini," bibi alisema. "Anachoka, masikini."

Kauli ile ndiyo iliyommaliza mjane kabisa. Siku zilizofuata akawa hashuki chini ila kwa lazima, chakula anapeleka mbio mbio, anaweka, anapanda. Kila baada ya mvua, kugonga kunarudi. Akawa anazungumza peke yake jikoni: "Baba nanihii, nimekukosea nini? Si tumekuzika vizuri?" Akakonda. Kwa majirani hakusema, kwa sababu alijua akisema tu, kesho mtaa mzima utajua kuwa marehemu fulani hajalala.

Sasa ndipo akaja mtu aliyejua. Mungu ana tabia hiyo, huwa anamleta. Marehemu alikuwa na rafiki yake fundi pampu, na fundi huyu, bila kuitwa, akabisha hodi asubuhi moja na mfuko wake wa spana.

"Shemeji, masika yanakaribia. Nimekuja kulitazama lile shimo la jamaa yangu."

"Shimo gani, shemeji? Siku hizi hakuna shimo, kuna marumaru."

Fundi akashuka, akatazama, akashika kiuno. "Marumaru nzuri. Lakini maji hayajui marumaru, shemeji. Pampu ina misimu miwili haijafunguliwa. Niruhusu ning'oe hizi nne tu, nisafishe, nimwage ndoo mbili, nisikilize. Nitazirudishia mwenyewe."

"Uning'olee marumaru? Hata mwezi hazijamaliza!"

"Basi nijibu hili. Inatoa sauti yoyote? Inagonga?"

Haya. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Neno moja tu, ndiyo, na mfano wangu ungeishia hapa, tukaimba, tukaenda kula. Lakini mjane aliona aibu. Akamwona yule fundi anatoka pale na habari mdomoni, akawaona watu wa msibani wanarudi kunong'ona. Akamtazama usoni akasema, "Hakuna sauti yoyote. Nyumba hii ina amani."

Kutoka chumbani bibi akaita, "Mwambie huyo mgeni kuhusu mtu wa chini!"

"Mama amezeeka," mjane akamwambia fundi kwa sauti ya chini. "Usimsikilize."

Fundi akaondoka na spana zake. Wiki ile ile mjane akaita kikundi cha maombi.

Msinielewe vibaya hapa. Mimi siwacheki watu wa maombi, mimi mwenyewe magoti yangu yana sugu. Walikuja watu wema, wakafunga siku tatu, wakasimama ukumbini wakiwa wameshikana mikono juu ya zile marumaru. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye sauti ya kupasua mabati, akamwambia mjane, "Dada, sisi ni wageni. Nyumba ni yako. Amri lazima itoke kwa mwenye nyumba, kwa mdomo wako. Kikigonga, ukiambie kitoke na kisirudi."

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Wakaomba. Kugonga kukaanza, na safari hii hakukuwa kwa utulivu: kulikuwa kwa kasi, kwa kuhangaika, kama mtu aliyefungiwa. Mjane akakanyaga sakafu kwa kisigino, akapaza sauti: "Toka! Toka kwenye nyumba yangu! Nenda ulikotoka, usirudi tena!" Na wote wakapiga kelele, moto, moto!

Wapendwa, ikasikika harufu. Harufu ya kuungua ilipanda kwenye viungo vya marumaru, kali, inayochoma pua. Taa ya ukumbini ikazimika. Na kugonga kukakoma, kimya kabisa.

"Ameungua!" kiongozi akalia kwa furaha. "Pepo ameungua, mmesikia harufu yake?"

Walirukaruka mpaka wakachoka. Bibi peke yake, kitandani, alikuwa ameshika tama. Mjane alipokwenda kumkumbatia, bibi akamwuliza, "Mbona yule mtu ameacha kazi?" Mjane akambusu kwenye paji la uso, akacheka, akamwambia alale.

Jumapili akasimama kanisani, kama hivi mnavyosimama, akatoa ushuhuda. Watu walilia. Akatangaza kwamba Jumamosi inayofuata atafanya shukrani nyumbani, wote wakaribie. Na masika, hayo nayo yalikuwa hayakualikwa, yakachagua Jumamosi ile ile.

Mvua ilishuka saa nane mchana, watu wameshajaa sebuleni juu. Ilikuwa ile mvua isiyo na upepo, mzigo mtupu, inamwagika wima. Vinanda vipo, ngoma zipo, kipaza sauti kipo. Mjane alikuwa amevaa kitenge kipya na alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kwanza tangu azike mume. Kabla ya ibada alishuka kumwona mama yake. Alimkuta ameketi kitandani, miguu juu. "Chini pana baridi leo," bibi alisema. "Na sakafu inapumua." Mjane akamfunika shuka. "Nitakuletea pilau, mama. Usitoke, uani kuna utelezi." Akatoka, akausukuma mlango wa chumba akaufunga.

Waliimba saa nzima. Kisha kiongozi akaomba utulivu ili mjane aseme maneno yake ya shukrani. Vinanda vikanyamaza. Mjane akashika kipaza sauti, akafungua kinywa, na kabla hajasema lolote, chini ya miguu ya watu wote sitini:

Ngo. Ngo. Ngo.

Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamziba mdomo. Ngo, ngo, ngo. Polepole, kwa uzito, kama anayenyanyua kitu asichokiweza. Mjane akakishusha kipaza sauti. Mbele ya watu wote! Siku ya shukrani yake! Akakitazama kiti cha marehemu mume wake pale ukutani, na hofu yake ikageuka hasira.

"Dada," kiongozi akanong'ona, "mwenye nyumba ni wewe."

Akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na sakafu, kipaza sauti mkononi, na kusema kwa sauti iliyotetemesha vioo: "Nimekuchoka! Umesikia? Nimekuchoka! Toka kwenye nyumba yangu, nenda ulikotoka, usirudi tena!"

Wakasubiri. Ikagonga mara moja zaidi, kidogo sana. Kisha haikugonga tena.

Nyumba ililipuka kwa shangwe. Ngoma, vigelegele, watu wanakumbatiana. Kwa robo saa walicheza juu ya ile sakafu. Halafu chakula kikapakuliwa, na mjane, jasho linamtiririka, uso unang'aa, akachukua sahani ya pilau na nyama laini ya mama yake, akashuka ngazi.

Ngazi ilikuwa na vidato kumi na moja. Alipofika cha saba, mguu wake ukaingia kwenye maji.

Kandambili za bibi zilikuwa zinaelea ukumbini, moja imepinduka. Katikati ya ukumbi marumaru zilikuwa zimenyanyuka kama ganda la kidonda, na maji ya udongo yanabubujika kutoka chini yake. Uani nako kulikuwa bwawa. Mlango wa bibi ulikuwa wa kusukumwa nje, kuja ukumbini, na maji yalikuwa yameuegemea kutoka huku. Mwanamke wa miaka themanini angeusukuma kwa nguvu gani?

Sahani ilimtoka. Alipiga yowe ambalo waliokuwa juu wanasema hawajalisahau. Wanaume watatu wakashuka, wakaung'oa mlango kwa shoka la jikoni.

Bibi alikuwa ameketi juu ya kitanda, maji yamemfika kiunoni, anatetemeka meno yakigongana. Mkongojo aliuweka mapajani. Juu ya kichwa chake, kwenye dari, palikuwa na alama: rangi imebanduka pale ncha ya mkongojo ilipogonga, na kugonga, na kugonga.

Alikuwa hai. Nawaona mnashusha pumzi. Msishushe.

Mjane alijitupa majini, akamkumbatia. "Mama! Mama, kwa nini umeacha kugonga?"

Bibi akamtazama, si kwa hasira. Ingekuwa hasira, ningewaambia ni heri.

"Nilikuomba uniambie kwa mdomo wako," alisema. "Umeniambia, mwanangu. Nashukuru hukunitumia mtu."

Mjane alieleza. Alieleza siku ile, akaeleza kesho yake, akaapa, akalia akigaragara. Yule fundi akaja, akang'oa marumaru zilizobaki, akaitoa pampu na kuilaza mbele ya bibi ili aone mwenyewe: tope limeshika hadi shingoni, mota imeungua nyeusi, bomba limelegea na limechimba kishimo kwenye zege pale lilipokuwa likigonga kila pampu inapowaka. Bibi aliinama akaigusa kwa kidole. "Kumbe ni wewe," aliiambia. "Pole." Kichwa chake kilielewa yote. Lakini sauti ya mwanawe ilikuwa imeshapita kwenye dari na kumwingia, na huko ilikoingia fundi hafiki. Wiki ilipokwisha akaomba arudishwe kijijini. Akapanda gari na mkongojo wake kati ya magoti, akamshika mjane shavu, akasema, "Usilie. Niliambiwa nisirudi." Na hakurudi.

Leo nyumba ile ina pampu mpya. Mjane anaifungua mwenyewe kila kabla ya masika, anachota tope kwa kopo lile lile la marehemu, anamwaga ndoo mbili, anachuchumaa pembeni. Pampu inanguruma vizuri, inayavuta maji, inajizima. Yeye hanyanyuki. Anakaa pale muda mrefu baada ya hapo, anasikiliza dari.

Sasa sisi. Maana yule mjane hayupo humu ndani, sisi ndio tupo.

Ndani ya kila mmoja wetu kuna kitu Mungu alikitumbukiza shimoni, mahali pa giza, kitoe maji machafu ya moyo kabla hayajafika sebuleni. Kina miaka hakijasafishwa. Na kwa kuwa kimechoka, kimeanza kugonga. Unakuta unalia bila sababu. Unakuta jina la ndugu uliyemdhulumu linakujia ukiwa unapiga mswaki. Unasemaje? Unasema, shetani ananisumbua. Unafunga, unakemea, unaongeza sauti ya kinanda. Siku kinapoungua unasimama hapa mbele yangu unatoa ushuhuda kwamba sasa una amani. Ndugu yangu, nani kakwambia kimya ni amani? Umemwaga ndoo mbili ukasikiliza?

Na kikishaungua, jueni hivi: anayekuja kugonga mara ya pili si kitu tena. Ni mtu. Ni mzee wako aliyeko chumba cha nyuma. Ni mkeo. Ni binti yako anayekuita kwa kuvunja vyombo, kwa sababu alipokuita kwa maneno hukusikia. Anagonga kwa nguvu zake za mwisho, na sisi tumeshazoea kukemea, hatujui kufanya kingine. Tunamkemea vizuri, kwa imani, kwa kipaza sauti. Na anatusikia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wapendwa, kwamba anatusikia kila neno.

Masika hayajafika. Bado kuna wiki mbili. Ng'oeni marumaru, hata kama ni mpya, hata kama majirani walizisifu. Na kama kuna fundi amekuuliza juzi, "Inatoa sauti?", mfuate leo hii ukamwambie ukweli.

Sasa nyamazeni kidogo.

Ngo, ngo, ngo.

Ni mimi, nimegonga mimbari kwa kidole. Nimewaona mlivyoshtuka. Na wewe, uliyesema moyoni "toka" kabla hujajua ni nani, usiende kula. Baki hapa, tuzungumze.